Kidole Gumba cha Kulia

"Jina?"
Sikudhani.
"Hukudhani nini?"
Afande hakucheka, basi nami sikucheka.
Nikamtajia la baba, la babu, Mwinyikondo,
Yombo Vituka, nyumba ya pili baada ya mashine ya kukoboa,
kazi: fundi ving'ora.
"Vya magari ya wagonjwa?"
Vya nyumba, afande. Vya kuzuia wezi.
Hapo ndipo aliponitazama.

Nilikuwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa,
muhuri wake umelalia upande kama mlevi.
Wadhamini wawili: mmoja muuza magodoro Tandika,
mwingine Bi Tausi wa vikoba, aliyesaini
huku akiniuliza marejesho yangu ya mwezi wa nane.
Picha nne, risiti ya malipo,
nakala ya kitambulisho iliyotoka nyeusi usoni,
kana kwamba mashine nayo ilinishuku.

Fomu, ukurasa wa tatu:
Je, umewahi kukamatwa?
Nafasi ya maelezo, mstari mmoja.
Nikaandika Ndiyo.
Nikaandika: redio ya Mzee Songoro, Keko,
nikiwa na miaka kumi na tisa, ilipatikana
na mstari ukaisha.
Haukubeba siku mbili za sakafu ya kituo,
wala mama na chupa ya chai langoni,
wala kwamba aliyeiuza ni mtoto wa mwenye redio,
wala kwamba Mzee Songoro hadi leo
akiniona anahamisha simu mfuko.

Kisha vidole.
Tisa vilikubali.
Gumba la kulia, kioo kikasema hakuna mtu.
Nikalifuta kwenye ovaroli, nikalipulizia,
afande akaligandamiza mwenyewe kama anayepiga muhuri.
Hakuna mtu.
Miaka tisa ya lehemu, ya kumenya nyaya kwa ukucha:
mistari yangu nimeiacha Mikocheni, Mbezi, Upanga,
kidogo kidogo, nyuma ya paneli za watu.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa;
changu kimoja kilisimamisha foleni hadi mlangoni.
"Kipumzishe wiki mbili. Paka mafuta ya mgando."
Afande, hiki ndicho kinachonilisha.
"Basi fungeni wote wawili."

Wiki mbili nikashika kikombe kwa kushoto
na kuyapitia ninayoyajua:
mlango wa jikoni wa daktari, usiokaza mvua ikinyesha;
mwaka aliozaliwa mtoto, ambao ndio namba ya siri ya nyumba nzima;
mbwa anayebweka akishiba tu.
Na kwangu Yombo, nyuma ya mlango,
kopo la maziwa lenye kokoto, juu ya stuli.
Ni haki waniulize. Nasema ni haki.
Mwizi aliyefunzwa kazi hii hahitaji nondo.
Ila ningependa waulize vizuri.

Leseni ilitoka Novemba,
picha imenitoa kama mtu anayedaiwa.
Nyumba ya kwanza, Ada Estate, mama mstaafu,
Bi Leokadia. Aliisoma mbele, akaigeuza,
akasoma na nyuma, palipoandikwa ikiokotwa irudishwe.
Haya, akasema.
Nikamwambia: sasa chagua namba, usinitajie.
Nikageukia ukuta.

Lakini vitufe vile vya bei nafuu, kila kimoja kina mlio wake,
na sikio langu limekaa navyo miaka tisa:
nne hulia juu kidogo ya saba.
Mlio wa kwanza nikaujua.
Nikachukua drili, nikaiwasha hewani,
ikanguruma bila kutoboa kitu,
vumbi la juzi likidondoka kwenye viatu vyangu,
mpaka Bi Leokadia aliponigusa bega.
"Mwanangu, mbona unatoboa upepo?"

Naijaribu tu, nikasema.